Chumba cha Damu ya Mzee

Kabula mwanangu,

Salamu naziruka, maana tumelala nyumba moja na asubuhi umeniamkia huku unautazama mlango. Nimeitikia. Sijui kama umesikia.

Umeenda kuaga rafiki zako, umesema utarudi kabla jua halijazama. Basi nimekaa mezani na daftari lako la zamani, lile lenye kurasa zilizobaki nyuma. Sitakuandikia habari za kula vizuri, kufunga mlango, wala kuchagua kanisa huko Dodoma. Hayo unayajua. Nina hasira, na nataka kuandika kabla haijapoa, kwa sababu ikipoa nitakudanganya tena. Najijua.

Nianze na jana. Watu wamejaa uani, wamekuja kukuaga. Mama Ester anaingia na khanga mpya imekunjwa vizuri, anakukabidhi, anakushika mkono, anasema, "Bibi yako angekuwepo leo angefurahi sana." Ni maneno ambayo jirani yeyote angesema. Mimi nikaichukua ile khanga mikononi mwako nikaitupa kwenye vumbi, nikamwambia atoke nyumbani kwangu. Wewe ukaiokota, ukaikung'uta, ukamfuata hadi barabarani kumwomba radhi kwa niaba yangu. Uliporudi ulisema sentensi moja tu: "Mama, leo umeniaibisha." Tangu hapo hujanisemesha zaidi ya hiyo shikamoo.

Ulitaka kujua Mama Ester amenikosea nini. Sikukujibu. Na mwezi uliopita uliniuliza jambo lingine, nikakufokea. Ulikuwa umesimama kwenye chumba cha bibi yako, umeweka kiganja ukutani kama walivyokufundisha chuoni, ukasema, "Mama, huu ni ukuta wa ndani. Haugusi nje popote, na bomba halipiti hapa. Unyevu ulitokea wapi?" Nikakwambia chuo kimekufanya mjuaji, nenda kaoshe vyombo. Maswali yako yote mawili yana jibu moja. Ndilo hili.

Unakumbuka bibi yako Nyamizi alivyohamia kwetu hapa Kahama, miguu ilipoanza kumsumbua. Ulikuwa kidato cha pili. Baba yako alikuwa kama alivyo sasa, wiki mbili barabarani na lori kutoka Isaka, siku tatu nyumbani. Kwa hiyo mama yake nilikaa naye mimi. Tulikuwa hatugombani, lakini hatukuwa marafiki. Yeye alikuwa mtu wa kupitisha kidole juu ya kabati na kukitazama. Mimi nilikuwa fundi rangi, mwanamke peke yangu kwenye saiti za wanaume, narudi jioni mabega yanauma, nakuta kidole kinapitishwa kwenye kabati langu.

Siku moja akaniita, akaniambia anataka nimpakie chumba chake. Nikamuuliza rangi gani. Akasema damu ya mzee.

Nilidhani anatania. Nyumba zote nilizokuwa napaka mjini zilikuwa krimu, krimu na nyeupe, wenye nyumba wanaogopa rangi kama wanavyoogopa polisi. Ndipo akanieleza jambo ambalo hata baba yako hakuwa analijua. Alipokuwa msichana alifanya kazi za ndani Mwadui, kwenye nyumba ya bosi mmoja wa mgodi. Nyumba hiyo ilikuwa na chumba cha vitabu, kuta zake za rangi nyekundu iliyoiva hadi kukaribia kahawia, dari nyeupe, kiti kimoja kikubwa karibu na dirisha. Kila Jumamosi alizifuta kuta zile kwa kitambaa kikavu. "Miaka sita nimeufuta ukuta ule nimesimama," akaniambia. "Hakuna siku niliyoambiwa kaa. Nataka chumba kama kile, nikae."

Ile sentensi ilinishika. Nikaanza kazi siku ya pili yake, na wewe ulikuwa nyumbani likizo, kwa hiyo sehemu hii uliiona mwenyewe. Rangi ile haikuwepo dukani. Kulikuwa na ya mafuta tu, ya kupaka milango, inang'aa. Yeye hakutaka ing'ae. Nikachanganya rangi ya maji mwenyewe, nyekundu ya udongo, nikatia kahawia, nikatia nyeusi kijiko kimoja kimoja. Nikampakia kipande ukutani, akasema hilo ni tofali. Nikachanganya upya, akasema hilo ni ini bichi. Wewe ulicheka hadi ukakaa chini. Mimi sikucheka. Mara ya tatu akasogea karibu, akarudi nyuma hadi mlangoni, akasema, "Ndiyo. Ndiyo yenyewe."

Nikapiga kwanza mkono mmoja wa rangi ya kijivu, kwa sababu nyekundu iliyokolea ukiiweka juu ya nyeupe inachelewa kufunika. Halafu mikono mitatu ya damu ya mzee, myembamba, kila mmoja ukauke kabisa. Dari na fremu za dirisha nikaziacha nyeupe. Nikatoa taa nyeupe, nikaweka ya manjano. Wewe ndiye uliyesema kioo kiwekwe kuelekea dirisha ili mwanga ugawanyike, na ulikuwa umesema kweli, na nadhani ndiyo siku ulipoianza hii kazi ya kupamba nyumba unayoiendea kesho. Kabula, nimepaka nyumba nyingi. Kazi nzuri kuliko zote maishani mwangu ni chumba kile. Mtu akiingia mle anashusha sauti mwenyewe. Ngozi zetu zilipendeza mle ndani kuliko mahali popote ndani ya nyumba hii. Bibi yako alikaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, akasema, "Wabeja, Mama Kabula." Alikuwa hajawahi kunishukuru.

Sasa sikiliza nilichofanya.

Ilikuwa wiki ileile, kabla hata harufu ya rangi haijaisha. Nilikuwa nimechoka, na bado lile tofali na lile ini vilikuwa vinaniuma. Nikaenda bombani kuchota maji. Wanawake wakaniuliza kazi ya mama mkwe imeishaje. Nikasema, "Yule bibi ametaka damu hadi ukutani. Sijui anamtegea nani."

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikajitwisha ndoo yangu nikaondoka. Hayo tu. Hata wiki moja haikupita nikawa nimeyasahau.

Ukarudi shule. Mwezi uliofuata, vijana wawili wa mtaa wetu waliokuwa wameenda kuchimba upande wa Geita wakafukiwa ndani ya duara, shimo la dhahabu. Mmoja alikuwa mdogo wake Mama Ester, yule mtanashati aliyekuwa akikuletea mapera. Siku nne wanafukua. Walipowaleta, majeneza hayakufunguliwa.

Mama Ester alikuwa bombani siku ile niliyotania. Kwenye msiba, amekaa kwenye mkeka, amelia hadi sauti imeisha, akasema, "Mama Kabula mwenyewe alisema. Bibi anakaa kwenye damu, kuna mtu anamtegea." Sikuwepo aliposema. Niliambiwa. Na ilipofika jioni, mtaa mzima ulikuwa umeambiwa.

Wewe umekulia Shinyanga hii, huhitaji nikueleze vikongwe wenye macho mekundu, wakiitwa wachawi, wamefanywa nini katika nchi yetu. Macho ya bibi yako yalikuwa mekundu kwa sababu ya moshi, miaka sitini ya kupika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe. Alikwenda mashineni kusaga, wanawake wakaacha foleni, wakamwachia mashine peke yake. Akarudi ananiambia leo watu wamemheshimu, wamempisha asage wa kwanza. Nikamtazama usoni nisijue kama haelewi au anajifanya haelewi.

Siku ya tatu baada ya mazishi, mchana wa jua kali, walikuja vijana saba wakasimama nje ya uzio. Hawakuwa na kitu mikononi. Mmoja akanisalimia kwa adabu kabisa, akauliza, "Mama, kile chumba kiko upande gani?"

Nikamwambia hakuna chumba. Wakakaa kidogo, wakaondoka. 

Hapo ndipo palipokuwa na kazi ya kufanya, na kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kwenda pale msibani, kusimama mbele ya watu, kusema: maneno yale ni yangu, nilikuwa natania kwa sababu nilikuwa nimechoka na nina kinyongo, huyu mama hana kosa. Dakika mbili. Ningechekwa, labda ningetukanwa. Labda wangenigeukia mimi, lakini mimi nilikuwa na nguvu zangu, nilikuwa na mume, ningeweza hata kukimbia. Bibi yako alikuwa hawezi kukimbia.

Sikwenda. Nilichukua rola.

Nilitoa kile kiti nje, nikamkalisha bibi yako kivulini, nikafungua ndoo ya krimu. Aliuliza nani amelalamika. Nikamwita mama kwa Kisukuma, nikamwambia, "Hakuna, mayu. Ukuta umeshika unyevu." Akainuka na fimbo yake, akaingia, akaweka kiganja ukutani, palepale ulipoweka wewe mwezi uliopita. Mtu aliyefuta kuta miaka sita, Kabula. Nilitaka kumdanganya yeye kuhusu ukuta. Akasema, "Mkavu huu." Kisha akanitazama, akaongeza, "Basi paka vizuri. Usiache alama za rola." Akarudi kivulini.

Nyekundu ile ilikataa kufunikwa. Mkono wa kwanza wa krimu ulipokauka, ukuta ukawa kama kidonda kinachoanza kupona. Wa pili, wa tatu, bado inapenya. Ningekuwa na akili ningepiga kwanza rangi ya kuzuia, lakini nilikuwa na haraka, nataka watu waione krimu dirishani kabla jua halijazama. Nilipiga mikono mitano. Dirisha nikaliacha wazi makusudi, wapita njia watazame.

Wakatazama. Na unajua walisema nini? Walisema, kama hakukuwa na kitu, mbona amefuta? Rola yangu ndiyo iliyowathibitishia. Kabla ya hapo ulikuwa ni uvumi wa msibani, na uvumi wa msibani mara nyingi huisha na msiba. Mimi niliupa ushahidi kwa mikono yangu, mikono mitano. Nikiukumbuka mchana ule nataka kupiga mtu, na wa kupigwa simpati ila mimi.

Baba yako nilimpigia simu akiwa njiani. Nikamwambia mama yake amemkumbuka binti yake, anataka kwenda Mhunze akakae kwa shangazi yako. Bibi yako alikuwa amekaa pembeni yangu wakati nasema hivyo. Hakunikanusha. Kesho yake nikamsindikiza. Wewe uliporudi likizo ukakuta chumba krimu, nikakwambia unyevu. Na baba yako nilimwambia unyevu. Nimekuwa na unyevu nyumba hii miaka saba.

Nilimtembelea Mhunze mara moja tu. Mara moja, Kabula, na kutoka hapa si mbali. Alikuwa amekonda. Akanipikia chai mwenyewe, akakataa shangazi yako asimsaidie. Akaniuliza kama nyekundu bado inapenya. Nikasema inapenya kidogo kwenye kona. Akatikisa kichwa kama fundi mwenzangu. Tukanywa chai. Nilipoinuka kuondoka akanishika kiganja, akaniuliza, "Una neno lingine, Mama Kabula?"

Nikasema, "Hapana, mayu."

Akaniachia mkono. Miezi miwili baadaye tulimzika.

Siku ya mazishi, shangazi yako alinivuta kando nyuma ya nyumba. Alidhani ninajua. Akaniambia jinsi yule jirani yetu, fundi cherehani, alivyosafiri peke yake hadi Mhunze muda mfupi tu baada ya bibi kuhamia. Mama Ester. Alipiga magoti mbele ya bibi, akamweleza kila kitu, alichosema yeye msibani na alikokitoa. Akaomba msamaha. Bibi yako akamwinua, akalia naye kwa ajili ya mdogo wake, akamlaza siku mbili, akamrudisha na mahindi. Na Mama Ester aliporudi huku akafanya kile ambacho mimi sikukifanya, akapita nyumba kwa nyumba, zote isipokuwa yangu, akiwaambia watu kwamba alisema uongo kwa uchungu wa msiba. Alijibebesha yeye lile neno lote. Jina langu hakulitaja.

Kwa hiyo siku ile ya chai, bibi yako alikuwa anajua. Alikuwa anajua wakati anachemsha maji. Aliponiuliza kama nina neno lingine, alikuwa amenifungulia mlango na kunishikia, na mimi nikampita nikaenda kupanda gari.

Sasa umeelewa kwa nini nilitupa khanga. Mama Ester hajanikosea kitu. Aliyafanya yote mawili niliyopaswa kuyafanya mimi, akiwa na msiba wake mgongoni, na amenyamaza miaka yote hii anapita mbele ya mlango wangu ananisalimia. Kila salamu yake imekuwa ikinichoma. Nimemchukia kwa sababu ni bora kuliko mimi na hajawahi kunionyesha kwamba anajua hivyo. Jana alipolitaja jina la bibi yako, mbele yako, kwa mdomo ulio safi, sikuweza kuvumilia.

Hasira yangu nyingine ni kwako, na nitaisema. Wiki iliyopita ulikuwa unapanga picha za kazi zako za kupeleka kwa yule mama aliyekuajiri, na ukaondoa mchoro uliouchora wa chumba cha bibi yako kikiwa cha damu ya mzee. Nilikuuliza kwa nini. Ukasema wateja wa siku hizi hawapendi rangi nzito, wanaziona za kutisha, afadhali uanze na krimu na kijivu wasikushangae. Ulisema kirahisi tu, umekalia kitanda, na mimi nikaondoka nisije nikakupiga. Ulikuwa unasema kwa sauti yangu. Hivyo ndivyo nilivyoanza na mimi, kwa kuogopa kushangaza watu.

Sikwambii upake nyumba za Dodoma nyekundu. Kuna vyumba ambavyo rangi ile itaviua, vyumba vyenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, na wewe unavijua kuliko mimi. Mteja akikuambia haipendi, ni nyumba yake. Lakini ukiona chumba kinaitaka, sema. Sema ukiwa unamtazama. Na akiamua kuifuta kesho yake kwa sababu shemeji yake ameguna, basi afute yeye, usiwe wewe unayeshika rola na kusema ni unyevu. Mimi nilidhani nikinyamaza namlinda mtu. Nilikuwa najilinda mwenyewe, na hilo nililijua palepale, siku ileile, wala si baadaye. Watu hupenda kusema waligundua baadaye. Mimi nilijua nikiwa naichovya rola.

Leo asubuhi ulipokuwa unaoga nilimpigia baba yako simu. Yuko Isaka anasubiri kupakia. Nikamweleza kuanzia bombani hadi Mhunze.  Akasema, "Mama yangu alijua?" Nikasema ndiyo. Akakata simu. Nimempigia mara mbili, hapokei. Ana haki. Sitampigia mara ya tatu leo.

Kwa Mama Ester sijaenda. Nitaenda kesho ukishapanda basi, na nikitoka kwake nitaenda bombani asubuhi, saa ya foleni, niwaambie wale wanawake waliobaki ni nani aliyesema. Wengine wamehama, wengine wamesahau. Nitawakumbusha.

Usinisamehe kwa haraka kwa sababu unasafiri na watu wanasema si vizuri kusafiri na kinyongo. Ukiwa na kinyongo safiri nacho. Bibi yako alikuwa bibi yako, hukupewa hata nafasi ya kumuuliza kwa nini ameondoka, na ni mimi niliyekunyima.

Nilifikiria kuiweka barua hii chini ya begi lako, uisome ukifika. Nikakaa nikajiuliza kwa nini nataka uisome ukiwa mbali, nikapata jibu, nikajichukia upya. Kwa hiyo nakuwekea hapa mezani, utaiona ukifungua mlango. Isome yote, mara mbili ukitaka.

Nipo jikoni. Sitatoka hadi uje, na ukija, useme lolote ulilo nalo.

Mama yako